Wanawake tisa, maonyesho ya sanaa Mtwara na mtungi unaovuja: naomba ushauri

Mfinyanzi wa Mikindani

Habari za leo, ndugu zangu wa Kusini. Sisi ni wanawake 9, wafinyanzi, wachoraji na wasukaji wa mikeka, na tunaandaa maonyesho hapa Mtwara kuhusu nguvu za mwanamke, ambayo mapato yake tungependa yawasaidie kina mama wenye fistula ya uzazi, yaani tundu la kuvujisha mkojo linalobaki baada ya uchungu wa muda mrefu. Tumechagua tarehe 23 Mei kwa sababu ndiyo siku ya kimataifa ya kutokomeza fistula.

Yako mambo mawili yanayotutatiza. Kwanza ni fedha: baadhi yetu wanataka kila shilingi iende kwa wagonjwa, ilhali wengine wanasema msanii naye ana watoto wa kulisha. La pili linanihusu mimi peke yangu. Nimefinyanga mtungi mkubwa wenye tundu dogo karibu na kitako, ambao ukijazwa maji utavuja taratibu juu ya mchanga mbele ya wageni, ili waione adha anayoishi nayo mgonjwa. Mwenzangu mmoja aliutazama, akanyamaza, akaenda zake, na ukimya wake umeninyima usingizi.

Muuguzi, Lindi

Dada yangu, nimekaa wodi ya wazazi miaka mingi, kwa hiyo niruhusu nianze na mtungi. Fistula hutokea pale uchungu unapochukua muda mrefu bila msaada: kichwa cha mtoto hubana nyama laini dhidi ya mfupa wa nyonga, damu haifiki, nyama hiyo hufa na kuacha tundu ambalo mkojo, na pengine kinyesi, hupita bila kuzuilika. Tusi la kwanza ambalo wagonjwa wengi hutupiwa na majirani ni hilo hilo la kuvuja. Ninaamini umeufinyanga kwa nia njema, lakini mama atakayeingia ukumbini na kuukuta atajiona yeye, tena mbele ya watu. Uondoe. Na msitundike picha wala jina la mgonjwa yeyote, hata kama amekubali kwa kuwaonea haya.

Hukutuambia fedha zitafanya kazi gani hasa. Matibabu ya fistula katika hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, ni bure, na tangu 2009 mpango wao umekuwa ukituma nauli za wagonjwa kwa M-Pesa, kwa hiyo mkichangisha nauli mtakuwa mnajaza debe ambalo tayari lina maji. Pengo liko baada ya upasuaji. Mama hurudi kijijini akiwa ameagizwa asibebe mizigo wala kushika jembe kwa miezi kadhaa, na kama hiyo miezi ni ya kulima, nani atamlimia? Fedha zenu zikimlipia kibarua wa shamba, au zikampa mtaji wa genge dogo la kukalia, zitakuwa zimefika.

Fundi wa Mpingo

Mwanangu, sisi wachongaji tumemchonga mama mwenye mtoto mgongoni na mzigo kichwani mpaka mkono umeizoea njia wenyewe, na mtalii hununua bila kuuliza. Kwa hiyo nakusifu kwa kutafuta kitu kingine, ingawa kwenye mtungi nakubaliana na muuguzi. Ile nguzo ya watu waliopandana na kushikana, ambayo wengi huijua kwa jina la ujamaa, kwetu Wamakonde huitwa pia dimoongo, na neno hilo linabeba maana ya nguvu. Ukiitazama vizuri, hakuna anayesimama peke yake: huyu kakanyaga bega la yule, yule kashika kiuno cha mwingine. Finyanga wanawake wanaombeba mwenzao mwenye uchungu kitandani kumfikisha barabarani usiku. Asikudanganye mtu kwamba udongo ni wa vyungu tu; Reinata Sadimba, Mmakonde wa Msumbiji aliyezaliwa 1945 na kuishi huku kwetu miaka ya themanini, alianza na vyungu akaishia kufinyanga watu wanaotazamwa hadi Ulaya.

Mchoraji, Masasi

Juu ya fedha, naongea kama mtu aliyeungua. Niliwahi kushiriki maonyesho ya hisani ambayo wasanii tulitoa kila kitu, rangi na fremu tukiwa tumenunua wenyewe kwa mkopo. Mwaka uliofuata waandaaji walipotuita tena, hakuna aliyekwenda. Rudisheni kwanza gharama za vifaa, kisha gaweni kinachobaki kwa asilimia mtakayoiandika kwenye kibandiko cha kila kazi, ili mnunuzi ajue shilingi yake inakwenda wapi. Tena Mei ni mwezi mkavu mifukoni. Ngojeni minada ya korosho ianze Oktoba, muone watu wanavyonunua.

Mfinyanzi wa Mikindani

Nawashukuru sana, mzee wangu na dada zangu. Tumekutana jana jioni. Tarehe 23 Mei tutafanya mazungumzo tu, bila kuuza, na maonyesho yenyewe yatakuwa Novemba. Baada ya gharama, nusu itakwenda kwa kina mama waliorudi kutoka upasuaji na nusu kwa msanii. Aliyekuwa akitaka tutoe vyote bado amenuna kidogo. Mtungi nimeuhamishia uani, na nimeanza kufinyanga kitanda cha kamba chenye wanawake wanne, ila miguu ya wawili imepasuka nilipoichoma, nadhani niliharakisha kukausha. Mzee, umesema kuhusu kushikana: kiuno na bega naviunganishaje udongo ukiwa bado mbichi bila kuachana motoni?