Skrini ya bluu kila siku: kipimo cha Windows, MemTest86+ au kuchomoa RAM moja moja?

chipukizi_tz: Wakuu, habari za jioni. Deskitopu yangu ya Windows 10 inaanguka mara mbili tatu kwa siku. Leo inaandika MEMORY_MANAGEMENT, kesho PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA. Nimeweka Windows upya, hola. Nina RAM (vijiti vya kumbukumbu) mbili za DDR4, GB 8 kila moja, ya pili niliiongeza mwezi uliopita. Kipimo cha RAM kilichomo ndani ya Windows (Windows Memory Diagnostic) kimesema hakuna kosa. Nikiamini, au nihamie MemTest86+, programu nyingine ya kupima RAM, au nianze kuchomoa?

fundi_soda: Kosa linalobadili jina kila siku linanuka RAM, mkuu. Draiva (programu inayoendesha kifaa) ikiwa mbovu, mara nyingi hurudia jina lilelile. Hicho kipimo ukikiacha kilivyo kinapita raundi mbili tu. Kikianza bonyeza F1, chagua Extended. Hata hivyo, kikisema "mbovu" nakiamini, kikisema "safi" sikiamini.

Bi_Kebo: Mimi MemTest86+ tu. Ni ya bure, unaitia kwenye flashi na kompyuta inawakia humo. Iache usiku kucha, maana kuna makosa yanayosubiri mashine ipate joto. Ikionyesha hata kosa moja, usijifariji. Ikigoma kuwaka, zima kwanza Secure Boot, ule ulinzi unaozuia programu zisizotambulika kuwaka mashine inapoanza. Na usiichanganye na MemTest86 isiyo na alama ya kujumlisha. Hiyo ni ya PassMark, toleo lake la bure linaishia raundi 4.

fundi_soda: Sawa dada, ila haitamwambia kama mbovu ni RAM au sloti inamochomekwa. Hapo kuchomoa hakukwepeki. Bakiza moja, pima, kisha ihamishie sloti nyingine. Kosa likiifuata RAM, hiyo imekufa. Likibaki kwenye sloti, usikimbilie dukani: chomoa umeme, puliza vumbi, sugua taratibu meno ya RAM kwa raba ya penseli. Wangapi wamenunua RAM mpya kumbe vumbi!

kaka_pengwini: Kama hela hakuna, Linux inaweza kuambiwa iruke eneo bovu kwa agizo la memmap kwenye GRUB, programu inayoiwasha Linux. Kiraka tu, na kinafaa kosa likiwa sehemu moja ndogo.

mzee_wa_BIOS: Kijana, hizo RAM mbili zina spidi moja?

chipukizi_tz: Ya zamani 3200, mpya 2666. Nilipoifunga nikalazimisha zote 3200 kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta), nisipoteze spidi.

Bi_Kebo: 😂😂 Na hilo umelificha muda wote huu?

mzee_wa_BIOS: Pima kwanza hivyohivyo ilivyo. Kisha shusha zote 2666, maana hiyo mpya umeilazimisha kupita spidi yake, upime tena. Usichomoe chochote bado.

chipukizi_tz: Mrejesho. Kwa 3200, MemTest86+ ilijaa makosa mekundu kabla sijamaliza chai. Kwa 2666, raundi 6, makosa sifuri. Leo siku ya nne, bluu sijaiona. Mzee, shikamoo.

mzee_wa_BIOS: Marahaba.