Naomba ushauri: baiskeli ya babu aina ya Phoenix, nianze na kipi?

Wakuu, habari. Nimeachiwa Phoenix ya zamani, ile ya tairi 28 na breki za vyuma. Fremu ina kutu ya juu juu tu. Shida iko kwenye pedeli: ekseli inacheza, na mnyororo unaruka nikipanda mlima. Bajeti ni 40,000, niko Tabora. Fundi anasema nibadilishe mnyororo peke yake, lakini meno yenyewe yameshachongoka; si utaendelea kuruka tu? Gololi nitaziosha kwa mafuta ya taa na kupaka grisi mwenyewe. Rangi isubiri, sitafuti urembo. Itabeba maji, madumu mawili ya lita 20. Spoku za kawaida zitahimili, au nitafute nene? Na vipuri vya mtumba, nikague nini kabla sijalipa?