Nacheka na simu hadi saa nane usiku, asubuhi naamka mzito. Nyie mnawezaje?

MtotoWaMkonge:
Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi. Uzi mrefu kidogo, nivumilieni.

Niko mwaka wa pili chuo, hapa Dar. Mzee wangu alikuwa dereva wa basi, amefariki mwezi wa tatu. Tulizika Korogwe Jumamosi, Jumatatu alfajiri nikapanda gari kurudi maana Jumanne nilikuwa na tesiti. Msibani sikulia. Mimi ndiye kifungua mimba, nilikuwa nahangaika na maturubai na kuhesabu sahani za watu. Sasa matokeo yametoka: sapu mbili, yaani mitihani miwili ya kurudia. Bi mkubwa anauza vitumbua, kila nikipiga ananiambia "wewe soma tu baba", na mimi najua mtaji wake wote ni mchele kilo tatu.

Siombi hela. Nauliza kuhusu furaha. Kila usiku najifunika shuka na simu, vichekesho kimoja baada ya kingine, hadi bando likate. Nacheka kweli, mpaka machozi. Juzi ninayekaa naye chumba kaamka saa nane usiku, kaniuliza, "Unacheka nini, tucheke wote?" Nikashindwa kukumbuka. Na klipu ndiyo kwanza imeisha! Tangu hapo najiuliza kama ile ni furaha au ni ganzi.

Niliwahi kuacha. Usiku wa kwanza tu nikaanza kusikia honi ya mzee, alivyokuwa akiipiga pale njia panda akikaribia nyumbani. Nikawasha simu haraka.

Mlipopitia magumu mlijiliwaza na nini, na kikasaidia?

Mbishi_Halisi:
Sapu mbili halafu unaulizia furaha? Zima simu ukasome. Nimemaliza.

BintiPangani:
Mbishi, kijana kafiwa, hajafungwa mechi. Pole sana mdogo wangu. Usijione mjinga kwa kutafuta kicheko. Mwaka nilioachishwa kazi, singeli ya jirani ndiyo ilinitoa kitandani. Nilikuwa nadeki nyumba nzima kwa ngoma moja, na zile zinavyokimbia, ukimaliza umeloa jasho na njaa inauma. Ila mimi nilikuwa natumia mwili, wewe umelala chali. Jaribu kutoka nje, hata kutembea tu jioni.

KeteSitiniNaNne:
Marahaba kijana.

Mke wangu alipofariki 2011 nilijifungia na redio. Shemeji akanivuta kwa nguvu mpaka kijiwe cha kahawa Magomeni, akaniketisha mbele ya bao. Kwa wasiolijua: mashimo 32, kete 64, kila mmoja anaanza na 22 mkononi na zilizobaki ziko ubaoni, kisha ananamua, yaani anaziingiza mchezoni moja moja. Ukizubaa kidogo wakati mwenzio anaivizia nyumba yako (lile shimo la kulimbikizia kete), umeliwa, na wazee wale hawana dogo, wanakuimba mpaka magharibi. Nilifungwa karibu mwezi mzima.

Sisemi bao ndilo liliniponya (lina ugomvi kuliko ndoa). Ila katikati ya mchezo mtu alikuwa anauliza, "Hivi marehemu alikuwa mtu wa wapi?" Hanitazami usoni, macho yako kwenye kete. Nikajibu neno moja. Kesho yake nikajibu mawili. Siku nisipoonekana, kijana wa kahawa anatumwa kunigongea. Hiyo simu yako inakuchekesha sawa, lakini imeshakuuliza habari za mzee wako?

Honi usiikimbie. Mtafute anayeijua, muizungumze.

NesiZamuYaUsiku:
Naongezea la kikazi. Usingizi ukivurugika, chakula kikikosa ladha, ulivyovipenda visipokugusa tena kwa wiki mbili na zaidi, usikae nacho kimya. Anza na mshauri wa wanafunzi hapo chuoni. Hospitali kubwa nazo zina kliniki ya afya ya akili, Muhimbili wanayo. Watu wanaogopa jina tu. Na ukianza kuwaza kujidhuru, nenda siku hiyo hiyo, usisubiri asubuhi.

Jingine: uliingia kwenye tesiti siku tatu baada ya kuzika, bila kumwambia mtu? Vyuo vingi vina utaratibu wa kuahirisha mtihani kwa msiba. Uliza ofisini, nenda na barua.

Mbishi_Halisi:
Sapu zenyewe ni za masomo gani? Kama takwimu imo, mimi sapu yake niliipata mara mbili. Njoo PM.

MtotoWaMkonge:
Mrejesho wakuu. Bao silijui na nilipotembea mvua ikanikuta Mwenge, lakini maneno ya Mzee Kete hayakuniacha nilale. Jana nikampigia bi mkubwa, nikamwambia habari za honi. Akanyamaza, nikadhani mtandao umekata. Kumbe na yeye anaisikia, kila saa kumi na mbili jioni, na bado anainuka kubandika maji ya kuoga.

Tukalia wote, vocha inaisha. Halafu akanikumbusha beberu la jirani, lilivyokuwa likisikia ile honi linakimbilia sebuleni kwetu, linapanda kiti cha mzee, na mzee akiingia analisalimia, "Za kushinda, bosi?" Tumecheka mpaka mdogo wangu akaja kuuliza kuna nini, akasimuliwa upya.

Mshauri wa wanafunzi nimepangiwa Alhamisi. Mbishi, takwimu imo. Cheki PM.