Tupeane uzoefu: kuhama kutoka teikawei nyeupe za polistaireni kwenda vifungashio vinavyooza

Wakuu, huu uzi ni wa wauza chipsi, mama lishe na wapishi wa shughuli. Taja chakula, kifungashio, na kinapovujia. Bei tuziache, kila mzigo una yake.

Kaangio: Polistaireni hulegea ikikaribia nyuzi 100, na chipsi zinatoka kwenye mafuta ya nyuzi 170 hadi 180. Ndiyo maana chini ya boksi unakuta limebonyea au limetoboka. Boksi la makapi ya miwa haliyeyuki hivyo, ila lina tatizo lake: mvuke. Ukipakia na kufunga hapohapo, chipsi zinakuwa chapachapa hata bodaboda hajaondoka. Chuja kwenye wavu dakika moja au mbili, tandika karatasi ya kuokea, pakia, acha mfuniko wazi mpaka mvuke mzito utoke, ndipo ufunge. Chipsi mayai inashusha mafuta mengi zaidi, kwa hiyo hapo weka karatasi mbili. Kwa wali na mboga chukua inchi 9 kwa 9 yenye vyumba vitatu. Chipsi kavu zinatosha kwenye inchi 9 kwa 6.

Bi Urojo: Kwenye vya majimaji watu wanaumia sana. Kile kikombe king'avu kinachoitwa cha mahindi (PLA) ni cha juisi na maji baridi tu. Kuanzia nyuzi 55 hadi 60 kinalegea, na supu inamwagika mkononi mwa mteja. Foili nayo inahimili moto vizuri, lakini urojo una ndimu na embe bichi, na asidi hula alumini ikikaa. Urojo na mchuzi wa ukwaju nenda na bakuli la karatasi lenye mfuniko wa kubana. Jaza ubakize kidole kimoja juu, vinginevyo mfuniko unafyatuka kwenye kona ya kwanza.

Kaangio: Bi Urojo, hilo bakuli si lina nailoni ndani?

Bi Urojo: Mengi yanayo, mwanangu. Chana ukingo taratibu, utaona utando mwembamba unavutika. Kama ni plastiki ya kawaida, karatasi itaoza na utando utabaki. Basi usimwambie mteja kwamba linaoza.

Shamba Darasa: Hapo ndipo wengi wanapigwa. Neno "eco" na picha ya jani havithibitishi kitu. Tafuta EN 13432 (kiwango cha Ulaya) au ASTM D6400 (cha Marekani) vya vifungashio vinavyooza, na mdai muuzaji cheti chenye jina la bidhaa ileile unayonunua. Hata hivyo viwango hivyo vinapima uozeshaji wa kiwandani, kwenye joto la nyuzi 58 hivi. Kikombe cha PLA ukikizika shambani utakikuta karibu kilekile msimu ujao. Mboji ya nyumbani ina alama yake, OK compost HOME. Vile vya "oxo", yaani plastiki ya kawaida iliyotiwa kemikali ya kuivunja, achana navyo kabisa: vinavunjika vipandevipande tu, na Umoja wa Ulaya ulivipiga marufuku tangu Julai 2021, pamoja na vyombo vya chakula vya polistaireni yenye povu. Kwa boksi za miwa uliza pia kuhusu PFAS, dawa zenye florini za kuzuia mafuta. EN 13432 inaweka kikomo cha florini miligramu 100 kwa kilo.

Stoo Kuu: Jambo ambalo halisemwi: unyevu. Boksi za miwa na karatasi zinanyonya, na mwambao huu zikiwekwa sakafuni zinaota ukungu. Ziinue kwenye chaga, ziache mbali na ukuta, usichane nailoni ya nje mpaka siku ya kutumia. Mzigo wa zamani utoke kwanza. Halafu ni nzito kuliko zile nyeupe, kwa hiyo pima rafu kabla hujaagiza katoni nyingi.

Bi Urojo: Na jani la mgomba tusilisahau, kwa mkate wa kumimina na vitumbua. Lipitishe juu ya moto mpaka ling'ae na kulegea. Likiwa bichi linapasuka kwenye mshipa ukikunja. Futa pande zote kwa kitambaa safi chenye maji, kata mshipa mnene wa kati, upande unaong'aa uguse chakula.