Naomba ushauri: chanja ya chuma ya meko ya sebuleni

Habari zenu wadau. Naomba msaada, hasa kwa wenye nyumba za zamani zenye meko ya kuni sebuleni.

Niko Lang'ata, Nairobi, na baridi ya Julai mnaijua. Ile chanja tunayopangia kuni imepinda katikati hadi karibu iguse sakafu, hewa haipiti tena chini na moto unafuka moshi tu. Fundi wa kuchomelea aliinyoosha na kuiongezea nondo, lakini ikalegea tena. Kuweka kuni moja kwa moja sakafuni hakukusaidia. Zinazimika kabla ya kushika vizuri, na mama anakohoa usiku. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Meko ina upana wa sentimita 75 mbele, 55 nyuma, na kina cha 40. Tunachoma mkaratusi uliokauka.

Fundi mmoja wa Kamukunji yuko tayari kunitengenezea kwa nondo za milimita 16. Mwingine ananishauri nitafute ya chuma cha kumiminwa kwenye kalibu, akisema haipindi upesi ingawa inaweza kupasuka ikiangushwa au ikimwagiwa maji ikiwa moto. Vyuma vilivyopakwa zinki nimevikataa, kwa sababu vikipata moto mkali hutoa moshi wenye sumu.

Kwa moto wa kila jioni, ipi itadumu? Na niache nafasi kiasi gani pembeni na nyuma ili hewa izunguke bila makaa kudondoka nje?

Natanguliza shukrani.