Mwenye shamba alipwe ili asichafue mto?

Bwawa Safi: Wakuu, nauliza. Udongo wa mashambani unajaza tope mabwawa ya maji ya kunywa. Mwaka 1997 jiji la New York lilikubaliana na watu wa milima ya Catskill, yanakotoka maji yake mengi: jiji ligharamie hifadhi ya maji huko juu, mashamba yakiwemo, likwepe kujenga mtambo wa kuchuja wa mabilioni ya dola. Je, wenye mashamba ya milimani wasaidiwe kwa fedha za umma?

Chujio: Hapana. Kumlipa mtu asichafue maji ni kumlipa mwizi asiibe. Atozwe faini. Wengi ni uvivu tu, kuchimba fanya chini, ule mtaro wenye tuta wa kuzuia udongo, ni kazi ya siku mbili.

Mama Mteremko: Mwizi nani? Nimelima mteremkoni zaidi ya miaka 20. Siku mbili! Umewahi kushika sululu ukachimba mtaro kwa kufuata kontua, ule mstari wa usawa unaokatiza mteremko? Ukipotoka kidogo, maji yote yanakimbilia sehemu moja, yanapasua tuta na kukuachia korongo.

Chujio: Sikukutaja wewe, dada.

Mama Mteremko: Umesema wengi. Nimo.

Jembe Kuu: Kwani fanya chini si ile ya kutupa udongo upande wa juu, shamba likawa ngazi?

Mzee Kontua: Hiyo ni fanya juu, jina lenyewe linasema. Tuta linakaa juu ya mtaro, linanasa udongo unaoteremka, misimu ikipita unapata ngazi. Fanya chini udongo unarushwa chini. Inachosha kidogo tu, lakini ngazi haijengeki vizuri.

Jembe Kuu: Fanya chini imetuokoa sisi, mzee, usiidharau.

Mzee Kontua: Sijaidharau. Soma tena.

Maabara: Mnagombania mitaro kana kwamba uchafu wa maji ni tope tu. Fosforasi nyingi ya mbolea husafiri imeng'ang'ania chembe za udongo, hiyo tuta na ukanda wa nyasi vinaipunguza. Naitreti, nayo ya mbolea, inayeyuka majini. Maji yakizama mtaroni, inashuka nayo kuelekea visimani. Hapo dawa ni kupima mbolea na kuiweka mmea unapoihitaji. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita ya maji ya kunywa kwa sababu ya watoto wachanga.

Chujio: Kumbe hata hiyo mitaro ni fedha za bure.

Maabara: Usinilishe maneno! Nimesema haitoshi peke yake.

Mpangaji: Nyote mnasema "mwenye shamba". Mimi nakodi msimu kwa msimu. Nichimbe fanya juu, ardhi ikianza kunona mwenyewe aichukue? Fedha zitamfuata mwenye hati, na aliyetoka malengelenge ni mimi.

Mama Mteremko: Hilo ni kweli. Jirani yangu aliondolewa mwaka uleule matuta yake yaliposhika.

Bwawa Safi: Jamani, niliuliza fedha za umma. Ila hili la mpangaji linauma. Mkataba umtaje nani?

Chujio: Aliyechimba. Na neno uvivu nalifuta, dada. La mwizi linabaki kwa anayelima hadi ukingoni mwa mto.

Mama Mteremko: Basi ni mimi. Kiangazi unyevu unabaki ukingoni tu. Nionyeshe pengine pa kulima, kisha uniite hivyo.