Podikasti ya korosho: niendelee na sauti au nihamie kwenye video?

Mwalimu_Newala

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Newala, na kwa zaidi ya mwaka mmoja nimekuwa nikirekodi podikasti ya Kiswahili kuhusu kilimo cha korosho, kipindi cha dakika 45 kila baada ya wiki mbili, ambacho ninakiweka Spotify na kwenye programu nyingine za kusikilizia. Kipindi kinachofanya vizuri husikilizwa mara 60 hivi. Vijana wawili wanaonisaidia wanasema dunia imehamia kwenye video, na hoja yao ina uzito, kwa sababu Februari 2025 YouTube ilitangaza kuwa watu zaidi ya bilioni 1 kwa mwezi hufuatilia podikasti kwake, ilhali Google, mmiliki wa YouTube, ilikwisha kuifunga programu yake ya Google Podcasts mwaka 2024. Wanataka akiba yetu ndogo tununulie kamera.

Nilikuwa karibu kukubali. Wiki iliyopita, nikiwa njiani kwenda msibani kijiji cha jirani, niliwakuta akina mama wanne wamekaa chini ya mkorosho wakibangua, mikono yao imejaa majivu ili mafuta ya maganda yasiwachubue, na redio ndogo imetundikwa tawini. Sauti iliyokuwa ikitoka humo ilikuwa yangu: kipindi cha ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, nilichokirekodi kabla ya msimu wa kupuliza salfa, dawa yake. Sijawahi kukipeleka kituo chochote cha redio. Mmoja wao alinieleza kwamba mpwa wake alikuja nacho kutoka mjini kwenye memori kadi, na kwamba wanakirudia kwa sababu naeleza taratibu. Hakuna hata mmoja wao mwenye simu janja. Naomba mnisaidie kufikiri: wasikilizaji wangu ni wale 60, au ni hawa nisiowaona?

Fundi_Tandahimba

Mwalimu, hao usiowaona mimi ninawaona kila siku, kwa kuwa nina kibanda cha kutengeneza simu na kuingiza nyimbo kwenye kadi. Zamani mteja alikuwa akisema tu nimjazie singeli na taarabu. Siku hizi, mtu akishalipwa korosho zake na kununua redio mpya, huomba pia mawaidha, kwaya, simulizi za sauti na mafunzo ya kilimo. Kadi ya GB 4 ikijazwa mazungumzo ya kilobiti 64 kwa sekunde hubeba zaidi ya saa 130, na hizo ni siku nyingi za palizi. Msikilizaji huyo hanunui bando, hajiungi na chochote, wala hawezi kuacha jembe ili aangalie kioo.

Lakini niseme na upungufu. Redio hizi nyingi hazina sehemu ya kuonyesha majina, na zikizimwa hazikumbuki zilipoishia, kwa hiyo aliyefika dakika ya 38 akaitwa kula, akirudi anaanza upya. Kigawe kipindi vipande vya dakika 10 au 12, utaje jina na namba yake mwanzoni mwa kila kipande, nami nitaviingiza kwa mpangilio huohuo. Tena utoe MP3, aina ya faili la sauti ambayo redio hizi husoma. Kile cha ubwiri unga kilinifikia kikiwa M4A, aina nyingine ya faili, redio zikakataa kukisoma, nikalazimika kukigeuza mwenyewe.

Mtandao_Chikongola

Niongeze kuhusu hiyo 60, maana kazi yangu ni ya mitandao. Kanuni inayofuatwa na huduma nyingi za kuhesabu podikasti ni kwamba upakuaji huhesabiwa pale sauti ya angalau dakika 1 inapokuwa imeshushwa, na maombi yanayorudiwa ndani ya saa 24 kutoka anwani moja ya intaneti, kwa programu ya aina moja, huhesabiwa mara moja tu. Sasa mitandao ya simu huwaweka wateja wengi kwenye anwani moja, hivyo wasikilizaji wako kadhaa wa Newala wanaweza kuonekana kama mtu mmoja. Faili likishaingia WhatsApp au kwenye kadi, halihesabiwi tena kabisa.

Hata hivyo, vijana wa hapa Mtwara mjini hutafuta kila kitu YouTube, na si vema kuwaacha. Kiweke huko kwa picha moja tulivu, kamera haihitajiki. Ila usiwategemee hao peke yao, kwa kuwa saa moja ya sauti yako ni kama MB 29 na video hula mara kadhaa ya hizo, na YouTube ya bure hunyamaza mtu akizima kioo cha simu. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini zilipokatika na intaneti ikazorota nchini, siku chache baada ya Kimbunga Hidaya kukata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam, mimi nilibaki na yale niliyokwisha kuyapakua.

Binti_Mchinga

Shikamoo Mwalimu. Naomba usikifute kile kirefu, kwa sababu ninafuata bidhaa Dar es Salaam kwa basi, na katika safari ile dakika 45 ni chache. Mama yangu hapa Mchinga yeye humpata mwalimu kwa vois za WhatsApp, ambazo zikiwa zimefuatana hujicheza zenyewe moja baada ya nyingine.

Jambo moja linanitia wasiwasi. Kipande kilichomfikia mama kilitaja kiasi cha salfa, lakini maneno ya kuziba pua na mdomo wakati wa kupuliza yalikuwa yamekatwa, na yeye hakujua kama yapo. Ukivigawa vipindi, tafadhali rudia onyo hilo katika kila kipande kinachogusa dawa.

Mwalimu_Newala

Marahaba, mwanangu, na pole kwa hilo la mama. Mpigie leo umweleze. Kamera hatununui. Fedha hiyo itanunua maikrofoni bora na kadi ishirini. Kile kirefu kitabaki mahali pake, na cha ubwiri unga ninakirekodi upya katika vipande vinne, onyo likiwamo katika kila kimoja. Fundi, Jumamosi nakuja Tandahimba na flashi. Unafungua kibanda saa ngapi?